Miguu Iliyochagua Matairi

Mimi ni dereva, na dereva wa Kigoma hapendi kufundishwa tairi. Nimekulia Kasulu, kwenye udongo mwekundu ambao ukinyeshewa siku mbili unateleza kama sabuni. Huko tulijua jambo moja tu: tairi zuri ni lenye meno. Kashata zake, vile vipande vya mpira vinavyokanyaga, ziwe nene, ziachane, ziume ardhi. Tairi lenye kashata fupi tuliliita la bwana harusi, la kwenda kanisani na kurudi. Kwa hiyo siku niliyoambiwa nitafute matairi ya kwendea jangwani, nilikuwa nimeshachagua kabla mkuu wetu hajamaliza kusema.

Ofisi yetu inachimba visima. Wenzetu wa kaskazini mwa Kenya, mbele ya Marsabit, walikuwa wameomba mtaalamu wa kutafuta maji ardhini, na wetu alikuwa Winfrida, dada wa Kichaga aliyehamishiwa Kigoma akaishia kuupenda mgebuka, samaki wa ziwa letu, kuliko sisi wenyeji. Mkuu wetu, Rodgers, alituita wote wawili. Akasema gari ni lilelile, Land Cruiser yetu, na ameruhusiwa kununua matairi sita, manne ya chini na mawili ya akiba.

"Hayo yatawapeleka, yatawarudisha, na yatazunguka hapa mjini mwaka mzima," akasema. "Sinunui mengine. Nikodemu, ukikwama kule usinipigie simu."

Tulipotoka nje Winfrida akasema, "Twende kwa Mama Yunisi."

Nilimtazama kama mtu aliyeniambia twende kwa mganga. "Mama Yunisi amekwisha," nikamjibu. "Mguu wake umelala."

Hilo ndilo lililokuwa likisemwa Ujiji nzima, na ili ulielewe lazima kwanza nikueleze huyo mama ni nani.

Jina lake hasa ni Melania. Alizaliwa Kagunga, kule mpakani ambako mtu anakwenda kwa boti, akaletwa Ujiji na mama yake akiwa msichana, kuanika dagaa. Miaka ishirini na zaidi alibeba mabeseni ya dagaa wabichi kutoka kwenye mitumbwi hadi kwenye mchanga mkavu wa kuanikia. Beseni la dagaa wabichi si mchezo. Maji yanakuchuruzikia shingoni, na mchanga unakumeza miguu. Anayekwenda kwa nguvu anazama na kuchoka kabla ya saa tatu. Anayejua anaweka unyayo wote chini, hasukumi, hachimbi, anapita tu. Melania alikuwa anajua.

Aliolewa na Januari, fundi wa matairi mwenye kibanda hatua chache kutoka mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki. Januari alipofariki kwa kifua, ndugu zake walikuja kufunga kibanda. Wakamkuta mjane ameshika mtalimbo, amepiga goti, anang'oa tairi la lori kwenye rimu. Waliondoka, na kibanda hakikufungwa.

Watu waliendelea kumchukulia kama mama wa dagaa anayejishughulisha, mpaka siku lori la barafu lilipozama mwaloni. Wanaume kumi na watano walisukuma hadi mishipa ikawatoka. Melania aliwaendea akawaambia watoe upepo kwenye matairi. Walimcheka. Mtu anajaza upepo gari litembee, wewe unasema tutoe! Jua lilipowachosha wakatoa, na lori likapanda lenyewe kama mzee anayeinuka kwenye kiti.

Kuanzia hapo madereva wakawa wanamfuata, naye akawa na utaratibu wake. Ukienda kununua tairi kwa Mama Yunisi, anakuuliza unakwenda wapi na umebeba nini. Kisha anasema, "Vua viatu." Mnakwenda wote wawili mchangani, peku. Unatembea, naye anatembea kando yako, macho ameyafumba, kana kwamba anasikiliza redio iliyo chini ya ardhi. Mkirudi anakwambia tairi lako ni lile pale, na upepo wake ni kiasi fulani. Nimemwona kwa macho yangu akimvua viatu padri mzima mbele ya waumini wake. Padri alitembea.

Sasa, miaka miwili kabla ya safari yangu, ugonjwa wa sukari ukamwingia miguuni. Daktari akamwambia asitembee peku tena, maana ganzi imeanza na kidonda kidogo kinaweza kuuondoa mguu. Akasema sawa, na kesho yake akavua ndala mbele ya mteja. Halafu ikaja siku ya msumari. Alikuwa anatembea mchangani na dereva mmoja wa lori la mbao, na yule dereva akaona damu katika kila alama ya mguu wa kushoto wa mama. Msumari wa mtumbwi ulikuwa umemzama wote unyayoni, naye hakuwa na habari. Anatembea tu, macho amefumba, anasikiliza.

Yule dereva alisimulia kila kona. Watu wakaanza kuulizana: mguu usiosikia msumari, utausikiaje mchanga? Wateja wakapungua, wakawa wanapita kibandani na kwenda madukani Kigoma mjini. Bariki, fundi aliyekuwa akimsaidia kufunga, alianza kutafuta kazi bandarini. Kibanda kizima sasa kilisimama juu ya swali hilohilo moja, na mimi nilikuwa nimeshalijibu.

Lakini Winfrida ni mbishi, na gari halikuwa langu. Tulifika Ujiji kwenye saa nne asubuhi.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, baba. Mwakeye? Karibuni," akatuamkia kwa Kiha. Alikuwa amekaa kwenye tairi, ndala za bluu miguuni, kitambaa kichwani. Mtu mfupi, mnene kidogo, mwenye jicho la kumpima mtu mara moja.

Sikutaka mazungumzo. Nilinyoosha kidole kwenye matairi ya meno makubwa yaliyoning'inia mlangoni. "Tufungie yale, mama. Sita."

"Yanakwenda wapi?"

"Jangwani. Kenya."

"Hayo siyauzi kwa safari hiyo."

Damu ilinipanda. Mtu amekuja na hela mkononi anaambiwa hauziwi! "Mama, mimi naendesha miaka kumi na minane. Tairi lisilo na meno linaniweka matopeni."

"Jangwani kuna matope?"

Winfrida akageuka pembeni, akajifanya anakohoa.

"Huo mchanga wa huko unalowa?" mama akaendelea, akimuuliza yeye sasa.

"Mwezi tunaokwenda, hapana. Ni mkavu kabisa."

"Na lami ni siku ngapi?"

"Nne kwenda, nne kurudi. Mchanga ni siku tatu."

Mama Yunisi akanigeukia. "Basi lami ndiyo mke mkubwa, baba. Mchanga ni mke mdogo, utalala kwake siku tatu tu. Ukimpendeza mdogo kwa meno, mkubwa atakung'oa hayo meno kabla hujafika Nairobi. Yatapiga kelele njia nzima, yataisha upesi, na siku ya mvua ukishika breki yatateleza. Na huyo mdogo mwenyewe hataki kuumwa. Ukiuuma mchanga, unachimba kaburi lako."

Niligeuka kuyatazama tena yale yenye meno.

"Vua viatu," akasema.

Nilivua. Kulikuwa na akina mama wanaanika dagaa, wakaacha kazi wakatutazama. Alinipeleka mbali na maji, kule juu ambako mchanga ni mkavu na jua limeshaupasha moto. Akaomba beseni la dagaa wabichi kwa mwenzake mmoja, akanitwika kichwani. Mimi, dereva mwenye kitambulisho shingoni! Akavua ndala zake, akafumba macho.

"Tembea kama unavyotembea kwenu mvua ikinyesha."

Nikatembea kwa nguvu, vidole vikishika. Nilizama hadi kifundo cha mguu, nikayumba, maji ya dagaa yakaniingia machoni, na wale mama wakapiga vigelegele kwa kejeli.

"Sasa rudi. Unyayo wote chini. Usisukume. Pita tu."

Nilirudi hivyo, polepole, kwa hasira. Nikiwa natua beseni, nilimwona Mama Yunisi nyuma yangu amechuchumaa mchangani, mgongo kwangu, mikono yake inafanya jambo. Nikadhani amechoka. Nilimwonea huruma, na pia nikajisemea, kweli huyu amekwisha.

Alipoinuka alikuwa na kipande cha uzi wa nyavu chenye mafundo mawili. Akamwita Bariki, akamwonyesha matairi ambayo mimi ningeyapita bila kuyatazama. Kashata za wastani, mabega ya mviringo, ubavu laini uliobonyea alipoukandamiza kwa goti. Alisoma tarakimu nne zilizochorwa ubavuni, wiki na mwaka wa kutengenezwa, akayakataa mawili akaleta mengine mapya zaidi.

"Haya ni ya njia zote," akasema. "Kwenye lami yajaze kama kawaida. Ukifika mchangani, kabla hujaingia, toa upepo. Usiamini geji. Laza uzi huu chini, kando ya tairi. Pale tairi linapokanyaga, pawe parefu sawa na fundo hadi fundo. Nyuma pamoja na mbele. Ukirudi kwenye lami, jaza tena."

Niliuweka uzi kwenye droo ya gari, chini ya karatasi za bima, nikausahau kwa makusudi.

Siku nne za lami zilipita, na nitasema ukweli: gari lilikuwa kimya. Tuliongea na Winfrida bila kupaza sauti.

Siku ya tano tulifika mwisho wa barabara. Mimi ni mtu wa ziwa, nimeuzoea upana. Lakini ziwa letu lina ng'ambo. Hewa ikiwa safi unaiona milima ya Kongo, unajua kuna watu kule wanapika. Pale mbele yetu hapakuwa na ng'ambo. Kulikuwa na mchanga, na baada ya mchanga mbingu, na upepo uliokuwa unatembeza vumbi chini chini. Nilizima injini. Hakuna ndege, hakuna mbuzi, hakuna sauti. Niliogopa, na wakati huohuo nilitamani nisiondoke hapo. Winfrida alifanya ishara ya msalaba.

Wenyeji wetu walikuwa wanatungoja kwenye kisima, kilomita sitini mbele. Nikatoa upepo kidogo, kidogo sana, kwa ajili ya kumridhisha Winfrida. Nielewe: kwetu gari likipita na tairi lililolegea, kila mtu barabarani anakupigia kelele, "Dereva, upepo!" Tairi laini ni aibu, ni kama kutembea zipu wazi. Nilikuwa katikati ya jangwa ambako hakuna hata kunguru wa kunicheka, na bado niliona haya.

Tulikwenda kilomita kumi na moja. Halafu usukani ukawa mzito, gari likashuka kana kwamba limekaa. Nikakanyaga mafuta. Dereva wa matope hukanyaga mafuta. Matairi yakazunguka yakachimba, na nilipofungua mlango, ngazi ya gari ilikuwa imelala juu ya mchanga. Tukachimba kwa koleo, nikakanyaga tena, likazama tena. Simu haikuwa na mtandao. Tulikuwa na madumu matatu ya maji, na jua lilikuwa bado halijafika utosini.

Winfrida hakunilaumu. Aliingia garini, akafungua droo, akatoa ule uzi, akanipa.

Sijui kwa nini nilichofanya kwanza kilikuwa kuvua viatu. Mchanga uliniunguza. Nikatembea kwa nguvu hatua tatu, nikazama hadi kifundo, sawasawa na siku ile ya beseni. Nikatembea kwa unyayo wote, nikapita. Mwanamke ambaye hajawahi kuvuka Kasulu alikuwa amenitembeza juu ya mchanga huu huu, kwa mguu ambao tulisema umekufa.

Tulitoa mchanga mbele ya kila gurudumu. Nikalaza uzi, nikabonyeza kijiti kwenye valvu. Upepo ukatoka, ukatoka, tairi likabonyea, ubavu ukavimba kama shavu la mtu anayepuliza moto. Kila sehemu ya mwili wangu iliniambia acha, unaharibu tairi. Nikaendelea mpaka pale linapokanyaga pakawa fundo hadi fundo. Nikafanya manne yote. Nikaingia, nikaweka gia nzito, nikaachia klachi taratibu. Sikusukuma. Nilipita tu.

Gari likainuka. Lilipanda kutoka kwenye shimo lake na likaenda juu ya mchanga kama mtumbwi ulioondoka ufukweni, na alama tulizoacha nyuma zilikuwa pana na zisizo na kina, kama za wale akina mama. Nilipiga kelele. Nililia pia, sioni haya kusema, nililia huku naendesha, na Winfrida alikuwa anacheka na kulia pamoja nami. Kilomita arobaini na tisa hatukukwama tena. Wala siku mbili zilizobaki za mchanga hatukukwama.

Kabla ya kurudi kwenye lami nilijaza kopo la maziwa la kilo mbili kwa ule mchanga. Nikajaza na upepo matairini kwa pampu inayochomekwa kwenye betri. Karibu na Kibondo mvua kubwa ilitukuta, ng'ombe wanane wakavuka ghafla, nikashika breki, na gari likasimama limenyooka, hatua mbili kutoka kwa ng'ombe wa mwisho. Mke mkubwa naye alikuwa ameridhika.

Nilimshusha Winfrida, lakini sikwenda nyumbani. Nilikwenda Ujiji moja kwa moja, nikiwa na vumbi la nchi mbili kichwani. Mama Yunisi alikuwa amekaa palepale, peke yake, hakuna gari hata moja nje.

"Mlikwama?" akauliza kabla ya salamu.

"Mara moja. Kabla ya uzi."

"Na baada ya uzi?"

"Tulielea, mama."

Akafumba macho, kweli safari hii. Nilimwambia kila kitu, na nikamwomba radhi kwa yale niliyoyasema mtaani. Nikatandika gunia, nikamwaga mchanga wa kopo. "Nimekuletea. Ukanyage mwenyewe."

Akatoa ndala, akaweka miguu yake yote miwili juu ya ule mchanga. Nikangoja uso wake ubadilike. Kopo lilikuwa limekaa kwenye jua nyuma ya kioo tangu asubuhi, mchanga ulikuwa wa moto, mimi mwenyewe uliniunguza vidole nilipoumwaga.

"Ni wa baridi huu?" akaniuliza.

Nilitazama vidole vyangu vilivyoungua.

"Mwaka wa pili sasa, baba," akasema. "Sisikii kitu. Siku ile na wewe sikusikia hata chembe."

"Lakini ulichagua. Ulifumba macho..."

"Nilifumba watu waone nasikiliza. Ukigeuka mbele, nafumbua. Nilikuwa naangalia miguu yako. Unavyozama, kisigino kinachimba wapi, mchanga unarudi au haurudi. Ulipokwisha kupita nilichuchumaa nikapima unyayo wako kwa uzi, na kwa vile ulizama hadi kifundo, nikaongeza vidole vitano. Hivyo ndivyo nafanya na wote. Miaka yote hii watu wananiletea miguu yao, sasa ndiyo nimeanza kuitumia." Akatabasamu kidogo. "Usiseme. Wakijua mguu umekufa kweli, hakuna atakayekuja."

Nilisimama pale kibandani nikimtazama. Nimemwona mzee wangu akitibu ng'ombe kwa kumsikiliza tumbo, nimewaona mainjinia na mashine zao, lakini sijawahi kumwona mtu aliyepoteza chombo chake cha kazi akakikuta kwenye mwili wa mtu mwingine. Nilikuwa nimebeba beseni na hasira, yeye alikuwa nyuma yangu anasoma kitabu nilichokuwa naandika kwa nyayo bila kujua.

Wakati huo gari likasimama nje. Alikuwa dereva wa mbao, yuleyule wa msumari, Feliksi. Habari za safari yetu zilikuwa zimemfikia. Winfrida alikuwa amewapigia simu wenzetu wa ofisini tangu Nyakanazi, nao wakazisambaza. Alisimama mlangoni, hajui aanzie wapi.

"Shikamoo, mama. Nahitaji matairi. Lakini..." Akatazama miguu ya mama, na kovu la mguu wa kushoto.

Mama Yunisi akaanza kuinuka aende mchangani, peku. Nikapiga goti mbele yake, nikachukua zile ndala za bluu, nikamvisha, moja baada ya nyingine. Kisha nikainama nikafungua kamba za viatu vyangu.

"Wewe vaa, mama," nikamwambia, kwa sauti ambayo Feliksi aliisikia. "Macho yako yanatosha. Feliksi, vua na wewe, tutembee."

Tulitoka watatu kuelekea mwaloni. Mimi na Feliksi mbele, peku, na nyuma yetu nilisikia ndala zikikokota mchanga; mama alikuja macho wazi, bila kujificha.

"Unyayo wote chini," akasema. "Natazama."